Mbao za Bibi Bertha

Mbeya nzima ilimjua Joyness kwa kutengeneza magitaa. Mwalimu Anania wa kwaya alipompigia simu aje Iringa kuitazama piano kuukuu ya kanisa, alikubali papo hapo, ingawa piano hakuwahi kufungua hata moja.

Walipoinua kifuniko wakaona tatizo. Ule ubao mpana ulio chini ya nyuzi, unaokuza sauti, ulikuwa umepasuka vibaya. Ndiyo maana piano ililia kama sufuria lililotoboka.

"Wazee wanasema tuipasue kuni," alisema Anania.

"Wasubiri kidogo," Joyness akajibu.

Alitaka mbao za paina zilizokauka hasa, lakini za madukani zote zilikuwa mbichi. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyewaelekeza Nyololo, kwa Bibi Bertha, aliyekuwa na mbao za miaka mingi juu ya meko yake.

Walizikuta nyeusi kwa moshi. Joyness akagonga ubao mmoja kwa kidole. Ulilia kama kengele, naye akaangua kicheko.

"Hizo ni za jeneza langu," akasema Bibi Bertha. "Marehemu mzee alizipasua mwenyewe."

Joyness akaurudisha mkono haraka. "Tusamehe, Bibi. Hatukujua."

"Niwasamehe nini? Hicho kitu chenu kitalia?"

"Kitaimba, Bibi."

Bibi akazitazama mbao zake. "Kila nikisonga ugali naziona zinanisubiri. Zimenichosha! Chukueni. Ila nami nije nisikie."

Joyness akazipiga randa mpaka zikawa nyembamba, nyeupe, zenye harufu ya msitu. Akaziunganisha kwa gundi, akazibandikia kwa chini mbavu, fito za kuziimarisha, kisha akauweka ubao mpya ndani ya piano. Siku ya kukaza nyuzi alisali kwanza. Kila uzi ulivyovutwa alingoja asikie ubao ukilia kwa kupasuka. Haukupasuka.

Jumapili Bibi Bertha aliketishwa benchi la mbele. Anania akashusha vidole, na sauti ikatoka nzito, tamu, ikajaa kanisa mpaka kwenye mabati. Kabla kwaya haijafungua kinywa, Bibi alikwisha kupiga vigelegele, akasimama na kuanza kucheza. Mchungaji akacheka, akaweka Biblia kando, akaanza kupiga makofi. Joyness alikuwa ameegemea piano, kiganja juu ya mbao, akiisikia ikitetemeka mpaka kwenye kiwiko. Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta. Aliimba tu, kwa sauti yake yote.