Risasi za Naheed

Mwaka 2013 risasi ziliadimika Toronto kama sukari ilivyoadimika Tabora enzi zetu za foleni. Na sababu ni ile ile: wakubwa. Huko Marekani wakubwa walianza kusema watabana mambo ya bunduki, watu wakaingiwa na kiwewe, wakabeba kila kilichokuwa dukani, na sisi huku tukabaki tunaangalia rafu tupu. Nasema sisi, lakini mimi sina bunduki wala siitaki. Mwenye bunduki ni rafiki yangu Abdulsultan. Kwao Tabora kama kwetu, baba yake alikuwa anauza baiskeli, na yeye mwenyewe tangu ujana ni mtu wa shabaha. Toronto amejiunga na klabu, wanatoboa karatasi na kupeana vikombe vya bati.

Hata yeye angevumilia mpaka risasi zirudi madukani. Tatizo lilikuwa binti yake, Naheed. Kwa miaka mingi alikuwa akimwambia, "Njoo nami klabuni, mama, siku moja tu," na Naheed anajibu kwa Kizungu kwamba ana kazi benki. Wakati wa baridi Abdulsultan akapasuliwa moyo. Alipotoka hospitali, Naheed bila kuombwa akaenda kusoma kozi, akapata leseni, akamwambia baba yake, "Okei Dedi. Yale mashindano ya Mei. Mara moja, halafu usiniombe tena." Yule mzee alilia mbele yangu. Kisha akaenda kutafuta risasi, akakuta hakuna.

Ndipo akanunua mashine ya kujazia risasi kutoka kwa mjane wa Kijerumani kule Etobicoke. Ya miaka ya sabini, chuma kitupu, nzito, rangi imebabuka. Akanipigia simu Mount Dennis, ninakokaa.

"Leonsi, wewe umeishi na mashine pale kiwandani. Njoo uiangalie hii."

"Kiwanda chenyewe kiko wapi? Wakubwa wamekifunga."

"Sikukuuliza habari za wakubwa, bwana. Nimekuuliza habari za mashine."

Nikaenda. Nilikuwa na nini kingine cha kufanya? Mke wangu Josephine alikuwa amefariki mwezi wa kumi na moja, na nyumbani nilikuwa sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama nafungua friji, nikifungua friji sijui natafuta nini.

Mashine ile kazi yake ni hii. Chini kuna sahani ya chuma inayozunguka, na juu ya sahani wanasimama maganda manne, yale maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha pigwa. Ukivuta mkono wa mashine mara moja, kila ganda linapata huduma yake: la kwanza linanyooshwa na kuwekewa fataki, kile kidude cha kuwashia, la pili linamiminiwa baruti, la tatu linakandamiziwa kichwa, kile kinachoruka, la nne linabanwa shingo. Sahani inasogea hatua moja, risasi moja inaangukia kwenye bakuli. Hatua ikiruka, kazi imeharibika.

Ya mjane wa Kijerumani ilikuwa inaharibu kila kitu. Fataki zilikuwa zinaingia kiubavu. Nikafungua, nikakuta bomba lake limejaa grisi ya zamani iliyoganda kama nta, nikaosha kwa mafuta ya taa, zikaanza kushuka vizuri. Halafu sahani ikawa inasimama kabla ya kufika. Kuna kidole cha chuma kinachoisukuma, na kidole kile kilikuwa kimelika ncha. Tukabadilisha springi, ikawa inapitiliza. Tukalegeza bolti, ikagoma kabisa. Abdulsultan akaanza kuitukana kwa Kikachi, Kihindi cha kwao.

"Kwa nini hawatengenezi tena vipuri?" akauliza.

"Waulize wakubwa wao."

"Leonsi, hata springi ina mkubwa?"

"Kila kitu kina mkubwa. Ndiyo maana hakuna kinachofanya kazi."

Mwisho nikaking'oa kidole chenyewe nikakitupa kwenye kopo. Nikasema tutaizungusha sahani kwa dole gumba. Mimi navuta mkono mpaka mwisho, naurudisha, nazungusha. Abdulsultan anachungulia ndani ya ganda aone baruti imeingia, ndiyo anaweka kichwa. Vuta, rudisha, zungusha, chungulia. Ikakubali. Alhamisi mchana tulikuwa tunatoa risasi kama watu wanaopukuchua mahindi, gereji ya Abdulsultan kule Don Mills mlango wazi, jua la Mei linaingia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba mikono yangu ilikuwa imetulia.

"Hodi humu! Mnatengeneza mabomu?"

Alikuwa Nazira Bai, dada mkubwa wa Abdulsultan, mama wa miaka themanini na kitu, ametoka Vancouver alikokuwa kwa mwanawe tangu mwaka uliopita. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mashine, niko katikati ya kuvuta. Sasa, mkubwa wako akiingia huwezi kumsalimia umeshika chuma. Nikaachia, nikafuta mikono kwenye suruali, nikaenda kumpokea.

"Shikamoo, Nazira Bai."

"Marahaba, baba. Leonsi, pole. Pole sana. Habari niliipata kwa simu, na pole ya simu si pole."

Abdulsultan akaleta vigoda. Tukakaa. Akanishika mkono wangu wenye grisi na hakuuachia.

"Aliumwa nini hasa?"

Kwetu mtu akija kukupa pole, unamsimulia ugonjwa tangu ulipoanza. Hata kama umeshawasimulia mia, huyu naye ana haki yake. Nikaanza. Tumbo lilianza kumsumbua wakati wa Pasaka. Tukaenda hospitali, wakampima mara moja, wakasema majibu safi. Tukarudi, maumivu yapo. Nikamwomba yule mkubwa wa zamu warudie kipimo. Akaangalia kompyuta, si Josephine, kompyuta, akasema kipimo kilishafanyika na hakuna sababu ya kurudia. Nikamwambia, mama anaumwa, rudieni tu. Akasema, mzee, mfumo hauruhusu. Mpaka mfumo wake unakuja kuruhusu, ugonjwa ulikuwa umeshaenea kila mahali.

"Masikini Josephine," Nazira Bai akasema. "Alikuwa ananipikia ndizi, mimi na meno yangu haya." Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya pachedi, mtandio wake wa Kihindi. "Haya, endeleeni na mabomu yenu. Mimi nakaa hapa nipate hewa."

Tukaendelea. Abdulsultan alikuwa anaweka vichwa huku amegeuka nyuma, anamuuliza dada yake habari za Vancouver, nani kaoa, nani kauza duka. Bakuli likajaa. Tukamimina zote kwenye kisanduku chake cha chuma, akafunga kwa ufunguo, akasema, "Basi. Jumamosi mwanangu anapiga."

Nilikuwa ndani ya basi la kurudi kwangu, tunavuka daraja karibu na Thorncliffe Park, mkono wangu ukanikumbusha. Mkono, si kichwa. Nilipoachia mashine kumsalimia Nazira Bai, nilikuwa nimevuta mpaka mwisho, au bado? Na niliporudi, nilianza kwa kuzungusha, au nilianza kwa kuvuta? Kama nilivuta mara mbili sahani ikiwa pale pale, ganda moja limemiminiwa baruti mara mbili. Na mle ndani kuna nafasi, haimwagiki nje uione. Risasi ya namna hiyo haiendi kwenye karatasi. Inapasua bastola mkononi mwa aliyeishika, na wa kushika alikuwa Naheed.

Niliteremka kituo ambacho si changu. Nikatembea, nikapanda basi jingine. Usiku ule sikulala, na Ijumaa nikampigia.

"Sultani, uliangalia ndani ya maganda yote?"

"Niliangalia, bwana."

"Hata wakati Nazira Bai anaongea?"

"Leonsi, umechoka. Umesimulia habari za marehemu, lazima akili itayumba."

"Ndiyo hiyo iliyoyumba ndiyo iliyokuwa inavuta mashine."

"Nitazipima kwenye mizani. Umeridhika?"

"Mizani haitakuambia kitu. Maganda ni ya makampuni mbalimbali, hayalingani uzito. Baruti ni kidogo mno. Lazima zibomolewe zote."

"Zote? Mashindano kesho! Unajua nimemngoja huyu mtoto tangu lini?"

Akakata simu. Sikumlaumu. Lakini nilikaa kwenye kiti cha Josephine, nikasimama, nikakaa, nikaona sura ya yule mkubwa wa zamu. Kilishafanyika, hakuna sababu ya kurudia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwao kabla hawajatoka. Gari lilikuwa linanguruma, Naheed ndani amevaa kofia. Abdulsultan alikuwa anafunga kisanduku kwenye buti. Aliponiona akabadilika uso.

"Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kukuzuia."

"Leonsi, nakuheshimu. Usinifanyie hivi mbele ya mwanangu."

"Basi nipe bastola mimi nizipige zote kwanza. Ikipasuka, ipasuke kwangu. Mimi hakuna anayeningoja nyumbani."

"Huna leseni! Unataka wanifukuze klabuni?"

Naheed akazima gari, akashuka. Anakielewa Kiswahili chote, ila kinamtokea kwa shida, kama mtu anayetembea na viatu vya mwingine.

"Anko, shida nini?"

Nikamweleza. Sikupamba. Nikamwambia niliachia mkono wa mashine kwenda kumsalimia shangazi yake, na sijui niliporudi nilianzia wapi. Inawezekana risasi zote ni nzuri. Inawezekana moja ni mbaya, na hakuna anayejua ni ipi.

Akamgeukia baba yake, akamuuliza kwa Kizungu, pole pole: je, wewe uliona ndani ya kila ganda? Abdulsultan akaangalia buti, akaangalia jirani aliyekuwa anakata majani, akaangalia viatu vyake.

"Nazira alikuwa ananiambia habari za harusi," akasema.

Naheed akavua kofia. Akabeba kisanduku mwenyewe mpaka gereji.

Risasi inabomolewa kwa nyundo maalumu ya plastiki. Unaitumbukiza kichwani mwa nyundo, unabamiza kwenye gogo, kichwa na baruti vinachomoka. Unamwaga kwenye karatasi nyeupe unaangalia. Kazi ya kuudhi, mkono unakufa ganzi. Abdulsultan hawezi, daktari kamkataza. Nikachukua mimi, bega likaanza kuuma, Naheed akaninyang'anya.

Paa. Baruti kidogo, sawa. Paa. Sawa. Paa. Sawa. Simu ya Abdulsultan ikalia, akatoka nje kuongea, tukamsikia anasema "ndiyo, ndiyo, naelewa," kwa Kizungu cha adabu. Alivyorudi akasema mkuu wa uwanja amefunga orodha, aliyechelewa amechelewa.

"Ungemwambia ni usalama," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema sheria ni sheria."

"Wakubwa."

"Nyamaza, Leonsi. Leo nyamaza."

Rundo la maganda likakua, karatasi baada ya karatasi, na kila ganda lilikuwa sawa. Nikaanza kuona aibu inapanda shingoni. Nimemharibia mtu Jumamosi yake, huenda ya pekee, kwa ajili ya wasiwasi wa mgane asiyelala. Abdulsultan alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, haniangalii.

Paa. Naheed akainamisha nyundo juu ya karatasi. Kikaanguka kichwa. Akatikisa. Akagonga tena kwa nyuma. Akalitoa ganda, akalielekeza kwenye mwanga, akanionyesha.

"Anko, hii hakuna kitu."

Halikuwa na baruti mbili. Halikuwa na hata chembe. Nilikuwa nimeogopa kuvuta mara mbili, kumbe sikuivuta ile moja mpaka mwisho. Nilirudi nikazungusha, ganda likapita kavu.

"Sasa hii si haipigi tu?" Naheed akamuuliza baba yake.

Abdulsultan alikuwa ameshasimama. Akalichukua ganda kwa vidole viwili. Akajibu kwa Kiswahili, nadhani bila kujua.

"Fataki peke yake inakisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kinakwama mle. Wewe unasikia mlio mdogo. Ndiyo mara yako ya kwanza mashindanoni, una haraka, unafikiri umekosa. Unavuta tena, na kichwa cha pili kinakikuta cha kwanza njiani." Akamshika binti yake kisogoni, akauacha mkono pale.

Mimi nilitaka kuketi, nikashindwa. Nilikuwa natembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine na kurudi. Nilikuwa nafikiri: dakika chache tu. Nyundo na karatasi na dakika chache; kurudia tu, ndicho kitu tulichowaomba pale hospitali.

"Basi," Abdulsultan akasema. "Tumeipata. Tuache, twende ndani tunywe chai. Nazira ameshachemsha."

Kwenye kisanduku zilikuwa zimebaki nyingi bado.

"Na kama ziko mbili?" nikasema.

"Leonsi, uliachia mkono mara moja tu."

"Naamini hivyo. Sijui."

Nikajua nikisema neno moja zaidi nitakuwa nimempoteza. Naheed hakungoja tumalize. Alichukua nyingine, akaitumbukiza kichwani mwa nyundo na kuinua mkono.

"Dedi, mwambie Bai chai isubiri," akasema, akabamiza.