Sura ya Mtu Asiyetumwa

Wiki nzima Dada wa kazi alikuwa akiomba ruhusa, na wiki nzima bosi wake, mpiga picha, alikuwa akiitikia bila kusikia. Jumamosi saa nne alikuwa na usaili wa kazi ya jikoni hospitalini, kazi yenye mkataba na likizo. Jumamosi hiyohiyo, saa mbili asubuhi, akakuta sebule imegeuzwa studio.

"Leo tunakukomboa!" bosi akamwambia, macho yamemtoka kwa furaha. Mkononi alikuwa na kitabu cha michoro ya kale. Katika mchoro mmoja bibi tajiri kajilaza kwenye kochi, na nyuma yake mtumishi kasimama na shada la maua. Sasa mpiga picha angeugeuza: Dada alale, mama mwenye nyumba asimame. Picha yenyewe ilikuwa bado, ila jina lilishapatikana: "Ukombozi".

"Baba, leo ndiyo ile siku niliyoomba..."

"Mwanga hausubiri, dada. Panda kochini."

Akavishwa gauni la satini juu ya nguo zake za usaili, akajilaza. Basi ukombozi ukaanza: usikune pua, usimeze mate, kidevu juu, usipumue sana. Hajawahi kutumikishwa namna ile hata siku ya kufua mapazia. Nyuma yake mama alishaanza kulalamika kwamba mkono unakufa ganzi.

"Egemeza kiwiko kiunoni, mama," Dada akamnong'oneza. "Hutachoka."

Saa tatu na nusu bosi alikuwa bado hajaridhika. "Sura yako inasubiri kuitwa! Mimi nataka sura ya mtu asiyetumwa na yeyote!"

Dada akatazama saa ya ukutani. Hasira ilimpanda, hasira ya miaka sita. Akainuka, akavua gauni, akalikunja vizuri kwa mazoea, kisha akalikunjua na kulitupa sakafuni. Akachukua mkoba wake.

"Hapo hapo!" bosi akapiga kelele, kamera ikilia mfululizo. "Ndiyo yenyewe! Usisogee!"

Alisogea. Alisogea mpaka mlangoni, akateremka ngazi mbio, huku sauti ya mama ikimfuata kuuliza nani atapika mchana.

Hospitalini aliingia jasho likimtiririka, saa nne kasoro dakika mbili. Msimamizi wa jikoni akapekua fomu yake.

"Mwajiri wako anajua umekuja huku?"

"Anajua," Dada akasema. "Amenipiga picha nikitoka."