Sehemu Isiyo na Maneno

Watu wa Misigiri walipoambiwa kwamba Damiani, anayetafsiri filamu kwa kipaza sauti zikiwa zinaonyeshwa, sasa anatafsiri katuni, walicheka mpaka basi. Wiki ya pili kibanda cha video kilijaa wazee kwa vijana, na watoto wakafukuzwa mlangoni, maana katuni yenyewe ilikuwa ya watu wazima. Ndani yake mzee mgane anaishi nyumba moja na kumbukumbu zake. Walio hai wamepakwa rangi. Waliokufa ni mistari mitupu, wanapita mezani kama moshi wa jikoni, na hakuna anayeshangaa.

Jumamosi hiyo mchana Damiani alishika kipaza sauti. Kwenye benchi la nyuma alikaa Editha, binti yake, aliyekuja kuchukua khanga za marehemu mama yake na angeondoka na basi la saa kumi. Miaka minne walikuwa hawasemeshani. Mama alipougua, Damiani alikuwa msituni Rungwa akirina asali. Alipelekewa habari, akadhani ni homa tu ya siku zote, akabaki siku tatu amalize mizinga. Alirudi akakuta kaburi. Hakuwahi kuomba radhi, hata kwa bahati mbaya. Ukaidi aliuita uanaume.

Sehemu ya katuni iliyoonyeshwa siku hiyo haikuwa na neno hata moja. Mzee wa katuni aliingia jikoni, kuta zikageuka shamba la alizeti, na mkewe asiye na rangi akawa anachambua mboga katikati ya maua. Watazamaji hawapendi kimya, na Damiani alilijua hilo. Akafungua mdomo.

"Mke wangu," alisema, "nilidhani ni homa tu. Nilibaki kwenye mizinga. Mwanetu akakuzika mimi sipo, halafu nikamnunia kama vile yeye ndiye aliyekosa. Nilikosa mimi."

Alizeti ziliendelea kuyumba taratibu.

"We Damiani!" Gerald, fundi baiskeli, akapaza sauti. "Mbona huyo mzee kafumba mdomo? Na hiyo mizinga iko wapi?"

Kibanda kizima kikacheka. Damiani alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaanza kushusha kipaza sauti.

Editha alisimama, mkoba begani, machozi yakimlengalenga.

"Mwacheni baba amalize," alisema.