Sanduku la Kufuli Tatu

Kama kuna mtu anayetaka kukonda bila kuugua, na atunze pesa za wanawake ishirini na mmoja chini ya kitanda chake. Mimi nilikonda hivyo kwa mwezi mmoja na nusu, na majirani wa Kavimvira wakaniuliza kama nafunga kwa ajili ya maombi. Niliwajibu ndiyo. Uongo huo haukuwa mbali sana na ukweli, maana nilikuwa naomba mchana kutwa.

Naitwa Generose, lakini wengi huniita Mama Délice, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nauza mafuta ya mawese, na kila Jumanne nilikuwa naweka akiba katika chama chetu cha kuweka na kukopa, hizi avec ambazo siku hizi ziko kila mtaa wa Uvira. Utaratibu wake ni mwepesi. Muhuri mmoja ni faranga elfu tano. Kwa wiki moja mtu anaweza kununua mihuri mitano, na akikosa kabisa, basi mmoja. Kila mwanachama ana kitabu chake kidogo, na ukilipa, katibu anakigongea muhuri. Mimi nilinunua mitatu kila Jumanne, mvua inyeshe, mafuta yasiuzike, mtoto awe na homa. Mitatu, bila kukosa hata wiki moja.

Pesa na vitabu vyote hulala ndani ya sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na wanawake watatu, kila mmoja kutoka barabara yake, na sanduku linakaa kwa mwanamke wa nne ambaye hana ufunguo. Hata vitabu vyetu haturuhusiwi kuvipeleka nyumbani, mtu asije akajigongea mihuri jikoni kwake. Halafu kila tunapofunga sanduku, tunasema wote kwa sauti moja kiasi cha pesa kilichomo na hesabu ya mihuri ya chama chote, ili hata asiyejua kusoma aondoke nayo kichwani.

Mwaka huo mwanamke wa nne nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu nyumba yangu ina mlango wa chuma, na kwa sababu nina shamba la mpunga Bwegera, nusu hekta, ambalo marehemu mume wangu aliniachia. Niliweka kidole kwenye karatasi kwamba sanduku likipata hasara mikononi mwangu, shamba litauzwa. Wakati ule niliona ni heshima. Niliporudi nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba shamba hilo ndilo linalosomesha watoto wangu wanne.

Katikati ya mwezi wa nne mikopo yote ilikuwa imerudi. Tukabadilisha faranga zote kuwa dola, maana faranga ukiilaza inaamka imepungua, tukafunga sanduku mpaka tarehe moja mwezi wa sita, siku ya kugawana. Siku ya kufunga tulisema wote: dola elfu nne mia moja na themanini, mihuri elfu moja mia tisa. Bernardine, mmoja wa wenye funguo, akaondoka kwenda Bwegera kufukuza ndege kwenye mpunga wake. Mimi nikabaki na sanduku.

Wiki hiyohiyo wezi wakavunja nyumba ya mfanyabiashara mmoja, barabara ya pili kutoka kwangu. Walimfunga kamba, wakachukua kila kitu, na watu wakasema walijua hasa walichokifuata. Maneno hayo ya mwisho yaliniingia tumboni yakakaa humo. Kila mteja aliyeuliza bei ya mafuta bila kununua nilimwona mpelelezi. Mwanamume mmoja alisimama mbele ya mlango wangu akifunga kamba za viatu, nami nikamhesabia muda. Alikuwa anafunga kamba za viatu tu.

Sheria yetu inasema sanduku likae ndani ya nyumba juu ya meza au kabati, mahali ambapo kiongozi wa chama akija ghafla analiona. Mimi nilichimba shimo chini ya kitanda asubuhi moja watoto wakiwa shuleni, nikalifunga sanduku kwa gunia, nikalizika, nikatandika mkeka juu yake. Sikumwambia mtu. Usiku huo nililala vizuri, na nikajiona mjanja kuliko wote.

Ziwa lilikuwa limepanda mwaka huo, kila mtu anakumbuka. Kule ukingoni watu walihama na magodoro vichwani. Lakini nyumba yangu iko upande wa juu wa barabara, mbali na maji, na sikuwa na habari kwamba maji hayana haja ya kupita mlangoni. Katikati ya mwezi wa tano nilishuka kitandani nikakanyaga mkeka uliolowa. Nilidhani mtoto amemwaga kitu. Nikainua mkeka, na udongo wa chini ulikuwa tope.

Nilichimba kwa mikono. Shimo lilikuwa limejaa maji nusu, maji meusi yaliyotoka ardhini, na sanduku lilikuwa limeketi ndani yake. Nilipolinyanyua nikasikia maji yakicheza ndani. Sijui kama nilipiga kelele. Nakumbuka tu kwamba nilikaa chini nikiangalia zile kufuli tatu.

Anayejua dola za huku kwetu ataelewa. Dola ya huku haivumilii kitu. Ikiwa na tundu la kupitisha sindano, inarudishwa. Ikiwa na pembe iliyokunjika, inakatwa bei, na ikiwa na doa watu wanaiangalia kama mkwe aliyekuja mikono mitupu. Nami nilikuwa na elfu nne ndani ya maji, na siwezi kufungua. Nikivunja kufuli moja tu, mimi ni mwizi. Nikisema, mimi ndiye niliyevunja sheria nikalizika, na shamba limekwenda. Nikanyamaza.

Nililiinamisha sanduku mpaka maji yakachuruzika kwenye pembe zake. Halafu nikawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, nikaliweka sanduku karibu yake ndani ya chumba, dirisha limefungwa. Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa siku kumi na saba, watoto wakishaondoka tu. Sokoni sikwenda. Nilikaa na kitambaa puani, nikiligeuza sanduku upande huu na upande ule, na kila nilipoligeuza nilisikia kitu kikigonga ndani. Mara ya kwanza kilikuwa kizito na kilegevu. Baadaye kilianza kugonga kikavu, nami nikasema Mungu amenisikia.

Lakini hofu haikukauka pamoja na sanduku. Siku ya kumi na tano nilikwenda kwa Habonimana, yule mwenye kubadilisha pesa karibu na mpaka, nikajifanya nauliza kwa niaba ya dada yangu wa Bujumbura. Nikamwuliza dola iliyoingia maji inakuwaje. Hakuinua hata macho kutoka kwenye bunda alilokuwa anahesabu.

"Dola yenye ililowa na muntu akaikausha kwa moto, miye siichukue," alisema. "Inakuwa ngumu, rangi inabadilika. Hata banki inaikatala." Kisha ndipo akaniangalia. "Ya huyo dada yako iko ngapi?"

Nikasema ni moja tu, ya dola ishirini. Aliendelea kuniangalia, na mimi nikaondoka nikijua kwamba uso wangu umemwambia kiasi chote. Niliporudi nyumbani nilifunga mlango wa chuma mara mbili. Sasa nilikuwa nawaogopa wezi, na maji, na wanawake wenzangu, na Habonimana juu yake. Usiku nilimtazama Délice akiwa amelala na madaftari yake kando ya kichwa, nikafikiria kuvuka mpaka na watoto kabla ya tarehe moja. Nilifikiria hilo kwa makini kabisa, mpaka nguo za kubeba nikazichagua.

Kilichonizuia si wema, na sitaki mtu anisifu. Nilizuiwa na shamba. Nikikimbia, wanaliuza siku hiyohiyo. Nikisema, labda wataniachia hata robo. Kwa hiyo siku ya kumi na saba nilimfuata Mama Olive, kiongozi wetu, mwanamke mkubwa, mpole, anayeuza samaki wakavu. Nilimkuta anapanga ndagala kwenye vikapu.

"Mama Olive, sanduku iliingia maji," nikasema. "Niliizika chini ya kitanda."

Aliacha ndagala. Akauliza tangu lini, nikamwambia. Akauliza kama nimegusa kufuli, nikaapa kwa jina la watoto wangu kwamba sikugusa. Nilimweleza pia habari ya mbabula, maana nilifikiri hapo angalau atanihesabia juhudi. Alifumba macho aliposikia habari ya moto. Sikujua kwa nini.

Bernardine aliitwa kwa simu akafika kesho yake kwa pikipiki kutoka Bwegera, matope mpaka magotini. Déborah na Anne-Marie, wenye funguo wengine, walikuja pamoja. Saa nne wanawake wote ishirini na wawili tulikuwa tumeketi kwa Mama Olive, na sanduku katikati yetu. Hakuna aliyenisalimu. Nilisikia mtu nyuma yangu akimwuliza mwenzake, taratibu, kama shamba la Bwegera liko karibu na mfereji.

Kufuli zilikuwa na kutu, zikafunguka kwa taabu. Kwanza Anne-Marie alitoa kopo la maziwa ya unga. Bernardine akalipokea, akafungua kifuniko, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake mfuko mwingine, na ndani yake mwingine tena. Kumbe siku ya kufunga, wakati sisi tunataja hesabu, yeye ndiye aliyezipanga, na alizifunga hivyo kwa sababu alikuwa anaogopa mende. Dola zilikuwa kavu na zimenyooka, kama zilivyotoka kwa Habonimana. Walizihesabu mara mbili. Elfu nne mia moja na themanini.

Nililia. Nililia kwa sauti, bila aibu, nikamkumbatia Bernardine na matope yake, na wawili watatu walianza kucheka. Nilikuwa bado naendelea kulia nilipoona kwamba Mama Olive hacheki. Alikuwa anaangalia ndani ya sanduku.

Akaingiza mikono akatoa kitu kigumu, cha kahawia, mfano wa tofali la udongo. Vilikuwa vitabu vyetu. Karatasi zilikuwa zimeshikana, na joto la mbabula lilikuwa limezipika zikawa kitu kimoja. Walijaribu kisu. Ukurasa ulikuwa unatoka vipandevipande, na penye mihuri palikuwa na rangi ya zambarau iliyosambaa kila mahali.

"Ungesema siku ya kwanza, Mama Délice," alisema Mama Olive, "tungevianika tu."

Basi hapo pesa zote zilikuwepo, na hakuna aliyejua za nani ni ngapi. Jumla tulikuwa nayo vichwani, kama kawaida yetu. Mihuri elfu moja mia tisa, dola mbili na senti ishirini kila muhuri. Lakini mihuri ya mtu mmoja mmoja ilikuwa ndani ya lile tofali. Mama Olive akasema hakuna njia nyingine, kila mtu atataja yake kwa mdomo wake mbele ya wote. Na kwa sheria yetu, aliyekosa huzungumza wa mwisho.

Nilikaa nikawasikiliza. Wengine walitaja haraka kabla hawajaitwa vizuri. Wengine waliangalia mabati ya paa, wakahesabu kwa vidole, wakataja, kisha wakasema hapana, ni zaidi. Pengine walikuwa wanakosea kwa nia njema, miezi tisa ni mingi. Anne-Marie alikuwa anajumlisha kwenye simu, nami nilikuwa najumlisha kichwani, na kadiri walivyozidi kutaja ndivyo sehemu yangu ilivyozidi kupungua. Wiki arobaini, mihuri mitatu. Mia moja na ishirini. Hiyo sikuhitaji kitabu kuijua.

Mwanamke wa ishirini na moja alipomaliza, Anne-Marie alisoma jumla: elfu moja mia nane thelathini na nane. Ilibaki sitini na miwili. Chumba kizima kikanigeukia.

Nilimtazama Déborah. Yeye ndiye katibu, yeye ndiye aliyegonga kitabu changu kila Jumanne, mitatu, na mara nyingi alinitania kwamba mimi ni saa ya kanisa. Alikuwa anajua. Alinitazama kidogo, halafu akaanza kufuta kutu kwenye ufunguo wake kwa pindo la kitenge. Ile karatasi yangu yenye alama ya kidole ilikuwa mezani, chini ya kopo la maziwa. Nikisema mia moja na ishirini, wataanza upya, watagombana, na kabla ya jioni mtu ataikumbuka karatasi hiyo.

"Yako iko ngapi, Mama Délice?" Mama Olive akauliza.

"Sitini na mbili," nikasema.

Nikasikia watu wakishusha pumzi. Mama Olive akachukua ile karatasi ya shamba, akaipasua vipande vinne, akanipa mkononi pamoja na dola zangu mia moja thelathini na sita. Wakanipongeza. Wakasema mimi ni mwanamke mwaminifu, na Marie-Jeanne, ambaye mwaka mzima alikuwa anaomba asamehewe hata muhuri mmoja, alinikumbatia kwa muda mrefu sana.

Shamba ni langu bado. Lakini zamani nilikuwa naogopa wezi nisiowajua, na mlango wa chuma ulinisaidia kidogo. Siku hizi naingia sokoni, wanawake ishirini na mmoja wananisalimu kwa jina la mwanangu, nami naitikia huku nikijiuliza mihuri yangu iko kwa nani. Mzunguko mpya ulipoanza, nilikwenda mapema nikakaa mahali pangu, nikampa Déborah faranga elfu kumi na tano. Sina mahali pengine pa kuziweka.