Wote Walikuwa Daraja la Nne

Fundi cherehani alifika hospitalini wiki tatu baada ya kumzika mkewe. Hakuja na shari. Aliketi mbele ya meza ya mtakwimu, kofia magotini, akauliza kwa upole:

"Mwanangu, nina swali moja tu. Mke wangu mlimwandika daraja la nne. Jirani yetu naye daraja la nne, tena aliandikwa miezi mitatu baada yake. Jirani kapasuliwa moyo, leo anateka maji. Wangu nimemzika. Nne yake na nne yetu si nne moja?"

"Nitaangalia, mzee," alisema mtakwimu.

Orodha ile ya wanaongoja upasuaji alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake, miaka sita iliyopita. Madaktari walimpa kila mgonjwa daraja, moja hadi tano, tano akiwa mahututi. Programu yake iliwapanga upya kila Jumatatu, na watu wakamsifu hadi akavimba kichwa.

Alipoifungua hakutafuta sana. Wenye tano walitangulia, wenye nne wakafuata. Hapo hapakuwa na neno. Ila wenye nne walikuwa wengi, wamefungana, na yeye hakuwa ameiambia programu nani atangulie kati yao. Nayo haikuuliza. Iliwapanga kwa namba ya kadi, ndogo mbele. Waliosajiliwa pale hospitalini, kama yule jirani aliyekuja moja kwa moja, kadi zao zilianza na moja. Waliotumwa kutoka zahanati za mbali, kama mke wa fundi, zilianza na tisa. Basi kila Jumatatu mwenye kadi ya moja, hata awe ameandikwa jana, alimpita mwenye kadi ya tisa aliyengoja nusu mwaka.

"Sikumbagua mtu," alijisemea. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu.

Kwa siku mbili hakuinua kichwa kwenye mafaili. Wenye nne waliokufa wakingoja walikuwa kumi na saba. Kumi na wanne walikuwa na kadi za tisa. Huenda ni bahati mbaya tu, aliwaza, akitamani iwe hivyo. Akaichanganya foleni ya wenye nne kwenye kompyuta kama mtu achanganyavyo karata, mara elfu kumi. Katika hizo elfu kumi, bahati tupu iliwafikisha wenye kadi za tisa kwenye vifo kumi na vinne mara tatu tu.

Daktari mkuu aliisoma karatasi ya hesabu hizo akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Dada, maji yakimwagika hayazoleki. Rekebisha programu, tuendelee na kazi. Ukisema, watu hawatatuamini tena."

"Wapo ishirini na mmoja wenye kadi za tisa wanaongoja sasa hivi," alisema mtakwimu. "Hao bado hawajamwagika. Na yule mzee aliniuliza, nikamwahidi."

Daktari aliisoma tena karatasi. "Mwite katibu," alisema hatimaye. "Tuandike kanuni mpya kabla ya Jumatatu."

Kanuni ikawa hivi: wenye daraja lilelile wahesabiwe sawa, atangulie aliyengoja zaidi, wakilingana hata siku, ipigwe kura mbele ya jamaa zao. Jumatatu hiyo aliyeitwa wa kwanza kati ya wenye nne alikuwa mama wa watoto wanne, kadi yake ya tisa, aliyengoja miezi minane.

Jioni mtakwimu alikwenda kwa fundi. Alimkuta anapinda suruali. Akamweleza yote, bila kuzunguka.

"Nani alikosea?" fundi aliuliza.

"Mimi, mzee."

Gurudumu la cherehani lilisimama. Fundi aliiondoa suruali chini ya sindano.

"Nilikuwa nikimwambia avumilie," alisema. "Kila Jumatatu. Namwambia, zamu yetu inakaribia."

 Machozi yalimtoka mtakwimu, akayaacha.

"Sijui kama nitakusamehe, mwanangu. Nisikudanganye." Akasogeza vitambaa, akafungua nafasi mezani. "Lakini binti zangu wanadhani mama yao alikufa kwa kuwa mimi sikujua kusema na wakubwa. Niandikie haya uliyoniambia. Andika pole pole, wayasome wenyewe."

Mtakwimu akavuta kigoda, akaanza kuandika.