Tangazo Ambalo Halikusomwa

Tangu utotoni, Fundi alijua jambo moja tu kuhusu watu wa upande wa mama yake: kwamba hawakuja kumzika. Shangazi yake ndiye aliyemwambia, tena mara nyingi. Mama alifariki Fundi akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Baba naye akafuata kabla mtoto hajaanza shule, na shangazi akamlea kama wake wa kumzaa. Alikuwa na roho nyeupe, ila kwa jambo hilo hakuwa na simile.

"Baba yako alipeleka tangazo redioni," alikuwa akisema. "Hakutokea hata mmoja. Ndugu wa namna hiyo wa nini?"

Basi Fundi hakuwatafuta. Alijifunza cherehani, akafungua chumba chake cha kushonea nyuma ya soko, akazaa na kulea.

Siku moja aliingia mzee mmoja na suruali nne begani. "Nipunguzie kiuno, Fundi. Mwili umenikimbia, suruali zimekataa kunifuata."

Mtaa mzima ulimwita Mzee Ziwafikie. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyesoma matangazo ya vifo redioni, na kila tangazo lilikuwa na maneno yale yale: habari ziwafikie fulani na fulani, popote walipo. Sauti yake ilipoanza, watu waliacha kijiko hewani.

Akipimwa, alisema anahamia kwa binti yake, na hajui ayapeleke wapi makaratasi yake.

"Makaratasi gani, mzee wangu?"

"Matangazo. Kituo kilitaka kuyachoma, nikayabeba. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nimemwolea wake wenza waliokufa."

Fundi alicheka na pini mdomoni, nusura azimeze. Kisha akazitoa moja moja. "Yanaanzia lini hayo?"

"Siku yangu ya kwanza kazini. Mwaka huu inatimia miaka arobaini na saba."

Mama yake alikuwa na miaka arobaini na sita kaburini.

Jumapili alikwenda. Chumba cha nyuma kilijaa maboksi ya sabuni hadi usawa wa dirisha, kila mwaka na boksi lake. Karatasi zilikuwa zimepigwa taipu, zimeshikwa kwa pini zilizoota kutu. Walikaa sakafuni, wakaanza kupekua. Fundi aliyedhani anaujua mji wake kama kiganja chake akaona alikuwa mgeni tu. Hapa kulikuwa na mwashi aliyejenga daraja la miguu, na watoto wake kumi na mmoja wametajwa wote. Pale mama mmoja aliyeanza kufundisha watoto kusoma sebuleni kwake, na leo ile ndiyo shule ya msingi ya mtaa.

"Kumbe muuza mkaa na mwenye duka la dawa ni ndugu!" alisema Fundi. "Na hawasalimiani."

"Babu yao mmoja. Nilimsoma mimi mwenyewe."

Walimaliza boksi la mwaka ule bila kuliona jina la mama. Chini kabisa kulikuwa na fungu dogo lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Mzee alilishika, akasita, akalifungua. Karatasi ya tatu ilikuwa ya mama.

Fundi alisoma polepole. Mume wa marehemu anasikitika kutangaza kifo cha mkewe mpenzi. Mazishi kesho saa kumi jioni. Habari ziwafikie mama mzazi wa marehemu, kaka yake dereva wa lori, na mdogo wake wa kike aliyeko chuo cha ualimu, popote walipo. Marehemu ameacha mtoto mmoja.

Juu yake, kwa penseli nyekundu: *Halikusomwa. Siku imepita.*

Mzee alivua miwani. "Mwandiko wangu huo, mwanangu. Radi ilipiga mnara, siku nne hatukuwa hewani. Tuliporudi, niliambiwa niweke kando matangazo yote ambayo mazishi yake yalikuwa yamepita. Nilikuwa mgeni kazini. Sikuuliza."

Hasira ilimpanda Fundi, halafu kikaja kitu kingine kilichoisukuma kando.

"Kwa hiyo hawakutususa," alisema. "Hawakuambiwa."

"Hawakuambiwa."

Kesho yake mzee alivaa suruali iliyopunguzwa, akaenda kituoni. Msimamizi wa vipindi, msichana wa umri wa wajukuu zake, alimsikiliza huku akikuna kichwa.

"Babu, tutatangazaje kifo cha miaka arobaini na sita?"

"Kama kilivyoandikwa. Halafu useme kwamba tumechelewa, na kwamba yule mtoto yupo."

Alilisoma mwenyewe, asubuhi, kwa sauti ile ile. Mwishoni akaongeza namba ya simu ya Fundi. Nyuma ya soko cherehani zilinyamaza, na mteja aliyekuja kulalamikia zipu akasahau zipu yake.

Siku ya kwanza hakupiga mtu, wala ya pili. Siku ya sita simu ikalia. Alikuwa mwanamke, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Mimi ni yule wa chuo cha ualimu," alisema. "Nimestaafu sasa. Jirani kaniambia leo, mimi sina hata redio. Mwanangu, tuliandika barua kwa anwani yao ya zamani mpaka tukachoka, hakuna iliyojibiwa. Tukasema dada kapata mume, katusahau. Bibi yako alikufa akiamini hivyo. Niambie, unafanana naye?"

"Sijui, mama mdogo," Fundi alisema, na hapo ndipo alipolia. "Sina wa kunilinganisha."

Mama mdogo alifika Jumamosi, akimwongoza kwa mkono mjomba, yule dereva wa lori, ambaye macho yake hayaoni tena. Walipelekwa kwanza kaburini, wakakaa huko muda mrefu. Kisha wakaenda kwa shangazi, ambaye alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu tangu asubuhi.

"Wifi," shangazi alianza, "msibani hatukuwasha redio, hatukujua kama tangazo halikusomwa. Nimewasema vibaya miaka yote hii. Mbele ya mtoto. Naomba radhi."

"Usiombe peke yako," mama mdogo alijibu. "Sisi nasi hatukuwaacha salama. Kuna maneno niliyoyasema juu ya kaka yako siwezi kuyarudia mbele ya watu."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumboni, wengine wakafuata.

Mzee Ziwafikie alikuwa amekaa mlangoni. Msimamizi wa vipindi alikuwa amekubali kuyachukua maboksi yote kituoni na kila Jumapili kusoma matangazo machache, watu wajue walitoka kwa nani. Mzee aliinuka kuaga, mjomba akamkatalia. Wakamsogezea kiti katikati.

Mama mdogo aliushika uso wa Fundi kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Pua si yake," alisema. "Lakini huku kukunja uso, ni yeye mtupu. Haya, kaa hapa nikuambie. Mama yako alifukuzwa kwaya mara mbili kwa kuimba vibaya, na mara zote mbili alirudi."

"Mara tatu," alisema mjomba.

"Mbili!"

"Ya tatu wewe hukuwepo."

Fundi akavuta kigoda, akakaa karibu yao.