Chokaa ya Bi Salhiya

Bi Salhiya hakuogopa maradhi, aliogopa kisu. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kwa sauti yake maulidi ya wanawake mtaani Malindi, Unguja, na daktari alipomwambia kalsiamu imezidi kwenye damu, na kwamba huenda tezi za shingoni zikahitaji kuondolewa, alishika koo lake kama mtu aliyehisi mwizi.

Mjukuu wake Khairat, aliyemaliza masomo ya maabara mwaka huo, alimweleza taratibu. Tezi hizo, ndogo kama punje za mchele, hutoa protini inayopita kwenye damu kama mpiga mbiu. Kalsiamu ikipungua, mbiu hupigwa na mifupa hufungua ghala lake. Kalsiamu ikijaa, mpiga mbiu hunyamaza. Kipimo cha pili, cha protini hiyo, ndicho kingeamua.

"Na akikutwa kimya?" akauliza bibi.

"Basi tezi zako hazina kosa. Kalsiamu inaingia kwa mlango mwingine, na kisu hakina kazi."

Jibu lilirudi: protini ilikuwa chini kabisa. Khairat alifurahi mpaka akamkumbatia bibi yake, kisha akaduwaa. Mlango gani? Bibi maziwa hanywi, vidonge hatumii.

Jioni alimwona akitengeneza tambuu yake ya kutafuna. Jani, popoo, halafu kidole kikazama kwenye kijaluba cha chokaa, kikapaka jani lote kama fundi mbele ya ukuta.

"Bibi, chokaa yote hiyo?"

"Tangu goti lianze kuniuma. Shoga yangu Mwanakheir kaniambia inatia nguvu mifupa, basi nnazidisha."

Khairat akakaa kitako kwa kucheka. Chokaa hiyo ni kalsiamu tupu, akamwambia; mlango ndio huo.

Daktari alikubali. Bi Salhiya alitiwa maji kwenye mshipa wa mkono, akakatazwa tambuu, akanung'unika nyumba nzima, akawa anatafuna iliki kwa hasira. Lakini kalsiamu ilishuka, na uchovu uliompeleka kwa daktari ukamtoka.

Maulidi yalipofika, shoga yake Bi Mwanakheir alimsogezea sinia ya tambuu kama kawaida. Bi Salhiya akaisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Asante, shoga. Mimi si ukuta wa Mji Mkongwe, sipakwi chokaa."

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akasafisha koo lake zima, lisilo na kovu, akaanza kusoma.